Umezoea Usambara, sasa unaenda Velebit: hesabu maji kwanza, kilomita baadaye

Swali nimelifupisha hivi: "Shikamoo mjomba. Mimi ni binti wa Mikanjuni hapa Tanga, nina miaka 27, nimepata mkataba wa hoteli kule pwani ya Kroatia, naondoka mwezi wa tano na mkataba unaisha mwisho wa Septemba. Kabla sijarudi nataka mimi na wenzangu wawili tupande milima ya Velebit, ile njia inaitwa Premužić, kilomita 57. Lushoto mpaka Mtae nimeshatembea mara mbili kwaiyo hii naona siku 2 inatosha, alafu siku ya 3 tukate moja kwa moja kwenye ile miamba ya Hajdučki kukovi, kwenye ramani ni karibu tu. Nifanye mazoezi gani na nibebe nini?"

Marahaba mwanangu, na hongera kwa mkataba. Sikukujibu siku ile ile makusudi, nilitaka nikae chini nikuandikie kwa utulivu maana swali lako ni zuri ila limebeba mambo mawili yanayonitia wasiwasi, hizo siku 2 na hilo neno "tukate". Mi nimetembeza watu Usambara miaka 19 sasa, na Velebit nimeenda mara mbili, 2016 na 2019, na ile mara ya kwanza nilienda na akili kama yako, yaani miguu ninayo, pumzi ninayo, mlima ni mlima. Pumzi nilikuwa nayo kweli, kilichokuja kunisumbua ni kitu ambacho Usambara haijawahi kumfundisha mtu yeyote.

Fikiria unavyotembea Lushoto kwenda Mtae. Umewahi kubeba maji zaidi ya lita moja na nusu? Hujawahi, kwasababu kila bonde lina kijito, na pasipo na kijito kuna nyumba, unapiga hodi unapewa kikombe na ndizi juu. Milima yetu ni mawe magumu ya kale sana, hayayeyuki, mvua ikinyesha inateremka juu ya ardhi, inakusanyika bondeni na unaisikia kabla hujaiona. Velebit ni mawe ya chokaa. Maji ya mvua yakipita hewani na kwenye majani yaliyooza yanachukua kaboni dayoksaidi yanakuwa na ukali kidogo, kama ndimu iliyochujwa sana, na ukali huo unalila jiwe la chokaa taratibu, ufa unakuwa mpasuko, mpasuko unakuwa shimo, na baada ya maelfu ya miaka mlima mzima unakuwa kama chujio. Pale Zavižan, mahali njia yako inapoanzia, pana kituo cha hali ya hewa kimefanya kazi tangu 1953, na mvua na theluji ya mwaka mzima ni karibu milimita 1,900. Hiyo ni mvua ya Amani kabisa, ile Amani ya Usambara Mashariki! Lakini Amani unavuka vijito mpaka unachoka kuvua viatu na Velebit juu unaweza kutembea kutwa nzima ndani ya msitu mbichi wa kijani na usione hata mfereji. Maji yote yamezama, yanakwenda kuibukia chini kabisa, mengine yanatokea baharini chini ya maji ya chumvi. Kwaiyo msitu unakudanganya, unaona ukijani unasema maji yapo hapa karibu, na kweli yapo, ila yapo mita mia kadhaa chini ya kiatu chako.

Sasa nikwambie kilichonipata 2016. Tulikuwa watatu, siku ya pili, kila mtu kabaki na kama nusu lita, na kwenye ramani yetu palikuwa na kibanda chenye birika la mvua, birika kama yale ya misikiti yetu ya zamani, maji ya paa yanaingia humo. Tulifika saa kumi jioni. Mfuniko wa chuma mzito, tukausukuma wawili, mwenzangu akateremsha ndoo kwa mnyororo, mnyororo ukaenda, ukaenda, alafu tukasikia ndoo inagonga saruji, ko. Ule mlio sijausahau. Akaiburuza huku na huku chini ikapandisha tope kidogo na majani meusi. Kiangazi kile mvua ilikuwa imekata na walipita watu wengi kabla yetu, hakuna aliyetukosea, ni sisi tuliopanga safari kwa kuamini alama ya bluu kwenye karatasi. Usiku ule tuligawana nusu lita tatu watu watatu, chakula chetu kilikuwa mchele, hatukupika, tukala biskuti kavu zinakwama kooni, na asubuhi tukaacha njia tukashuka masaa manne mpaka barabarani. Hakuna aliyeumia, ila kichwa kilikuwa kinanigonga na miguu inakosea hatua, na kwenye mawe yale kukosea hatua ni jambo kubwa, nakuja huko.

Kwaiyo hesabu yako ianze hapa. Mtu mmoja anayetembea na mzigo siku nzima mpe lita 3 za kunywa, na ongeza lita 1 na nusu ya kupikia na asubuhi. Hizo ni lita 4 na nusu, yaani kilo 4 na nusu mgongoni kabla hujaweka hata soksi. Kila sehemu ya kulala uliyopanga jiulize swali moja, nikikuta hapa pakavu nafikaje kwenye maji mengine kwa nilichobaki nacho? Kama jibu halipo basi hapo sio pa kulala, tafuta pengine au beba ya siku mbili. Na chakula chagua kisichokunywa maji mengi, mchele na maharage acha nyumbani, mkate, jibini, karanga, tende, samaki wa kopo, hivyo vinakutosha. Maji ya birika chemsha au tia dawa, hayo ni maji ya paa na paa wanatembea panya.

Sasa masaa. Nisikutishe bure, njia ya Premužić yenyewe ni tamu. Ilijengwa kati ya 1930 na 1933 kwa michoro ya injinia wa misitu Ante Premužić, mawe yamepangwa kwa mkono bila saruji, inapinda pinda taratibu katikati ya miamba ambayo bila hiyo njia usingepita, hakuna sehemu ya kukutoa pumzi sana. Ndo maana watu wanaidharau. Kilomita 57 kwa siku 2 ni 28 na nusu kwa siku, na mzigo, mwanzoni mwa Oktoba. Hapa ndo watu wa kwetu tunapokosea, sisi jua letu ni masaa 12 mwaka mzima hatuna habari, ukifika kule mwezi wa sita utaona mchana wa masaa 15 na zaidi, utazoea, alafu Oktoba unakuta jua linachomoza kama saa moja asubuhi na kuzama kama saa 12 na nusu jioni, na ndani ya msitu giza linawahi. Watu wengi wanaigawa siku 3, wanalala kwenye vibanda vya Alan na Skorpovac kisha wanatokea Baške Oštarije, mwisho wa njia. Fanya 3, na siku ya 4 iwe ya akiba tu, ya kukaa kibandani upepo ukija.

Kuna kanuni ya zamani ya Mskoti mmoja, William Naismith, ya 1892, inasema kila kilomita 5 hesabu saa moja, na kila mita 600 za kupanda ongeza saa nyingine. Kwenye njia yenyewe kanuni hiyo inafanya kazi vizuri. Ukichepuka kwenda kileleni kwenye mawe matupu mi naongeza nusu nzima juu yake, na kwa kundi la watu watatu namhesabu anayetembea polepole kuliko wote, sio mimi.

Sasa hilo la kukata. Naomba ulifute kabisa mwanangu, nakuomba kama mzazi. Kwanza Hajdučki na Rožanski kukovi ni hifadhi kali tangu 1969, hairuhusiwi kutoka nje ya njia zilizowekwa alama. Ila hata kama ingeruhusiwa sikuachii uende. Kwenye ramani unaona nusu kidole cha kijani, kilomita 2. Chini pale hakuna mteremko unaoeleweka, huku kwetu ukipotea unafuata maji, kijito kinakwenda mtoni na mto unakwenda kwa watu, kule bonde halina mlango, unashuka unakuta ni shimo kama bakuli, pande zote ukuta, unapanda upande wa pili unakuta bakuli jingine, baada ya mabakuli manne hujui umetazama wapi. GPS ya simu chini ya miti minene na katikati ya kuta za mawe inaruka ruka, inaweza kukuonyesha uko upande mwingine wa mwamba. Na chini ya majani makavu kuna nyufa. Hii nataka uione vizuri, nilikuwa nimetoka hatua kumi tu nje ya njia, hatua kumi, najisaidia, nikakanyaga majani yanaonekana kama zulia, mguu ukazama mpaka gotini, na jiwe la chokaa lililoliwa na mvua lina makali kama kopo lililofunguliwa, suruali ikachanika na ngozi nayo. Nilipochomeka fimbo kwenye ule ufa fimbo yote ikaingia bila kugusa chini. Hiyo ni hatua kumi. Katika Hajdučki kukovi humo humo kuna shimo linaitwa Lukina jama, liligunduliwa 1992, kina chake ni mita 1,431. Umesimama Irente, kule ukingoni Lushoto, ukatazama Mazinde kule chini kama mita 1,000? Chukua hiyo, ongeza 400, alafu uifunike na msitu.

Kama unataka ugumu wa kweli, na najua unautaka na ni haki yako, utapata bila kuvunja sheria. Njiani chepuka upande Gromovača, mita 1,670 na kitu, njia ina alama, unashika mawe kwa mikono, na jina lake lina neno grom ambalo kwao ni radi, kwaiyo ukisikia mngurumo hata wa mbali hupandi, nenda zako. Alafu kama utabaki na siku zaidi ya hizo 4, shuka kusini Paklenica, hifadhi ya taifa tangu 1949, ukalale ndani ya bonde na kesho yake uende Vaganski vrh, mita 1,757, ndo kilele kirefu cha Velebit nzima. Usikidharau kwa namba, unaanzia karibu na usawa wa bahari, ni kama uanze Raskazone ufukweni upande mpaka uzidi Lushoto mjini kwa mita mia tatu na ushei. Bonde lile lina kijito, jaza kila chupa hapo kabla ya kuanza kupanda, juu hakuna. Na upande huo wa kusini kaa ndani ya njia yenye alama kwa sababu nyingine pia, vita vya 1991 mpaka 1995 viliacha mabomu ya kutegwa ardhini, wameyaondoa kwa miaka mingi, ila ukikuta kibao chekundu chenye fuvu la kichwa unageuka hapo hapo kwa nyayo zako mwenyewe.

Alama za njia kule ni duara jekundu lenye doa jeupe katikati, kwenye mti au jiwe. Mi nina sheria moja na wageni wangu, ukitembea dakika 10 hujaona alama unasimama, hujaribu mbele, unarudi mpaka ya mwisho uliyoiona. Inauma kurudi, najua. Rudi.

Upepo nao. Sisi tuna kaskazi na kusi, wao wana bura na jugo. Jugo inatoka kusini, ina unyevu, inaleta mawingu na mvua, hiyo utavumilia. Bura inatoka bara kaskazini mashariki, baridi na kavu, inaporomoka kutoka Velebit kwenda baharini na imeshapimwa kwa kasi ya zaidi ya kilomita 200 kwa saa. Kibaya ni kwamba mara nyingi inakuja na mbingu safi kabisa, unaamka unasema leo siku nzuri. Soma utabiri jioni kabla, kama bura kali imetajwa hutoki kibandani, hiyo siku ya 4 niliyokwambia ndo kazi yake. Na baridi ya mita 1,600 Oktoba sio ya Magamba pale juu ya Lushoto, maji yanaweza kuganda usiku.

Wanyama nisikuchoshe, dubu wapo, mbwa mwitu wapo, ongeeni mkitembea na chakula msilale nacho hovyo. Kuna nyoka wa jamii ya kifutu mwenye kipembe puani anapenda mawe yenye jua, kwaiyo usiweke mkono pale ambapo jicho halijafika. Mi ninayemwogopa zaidi ni kupe, kila jioni kagua nyuma ya magoti, kwapani, nywele.

Mazoezi sasa, maana una miezi miwili na masika ndo hiyo inaanza, usiikimbie, mvua ni mwalimu mzuri. Wiki mbili za kwanza nenda Amboni. Najua umeenda na shule, ukaingia pangoni, ukaona popo, ukasimuliwa kwamba pango linatokea Mombasa, wataalamu walipima 1994 wakakuta lile refu kuliko yote ni kama mita 900 tu. Safari hii usiende kwa pango, mwambie mwongozaji akutembeze juu, kwenye mawe na vichaka vya upande wa Kiomoni na Mto Mkulumuzi. Ni chokaa ya enzi za Jurasiki, na sehemu kubwa ya Velebit nayo ni ya enzi hizo hizo, kwaiyo una jiwe la ukoo mmoja nyumbani kwako dakika ishirini kwa bodaboda. Ligusie kwa kiganja, ona lilivyochongoka, tembea juu yake likiwa kavu alafu urudi likiwa limelowa uone linavyoteleza kama sabuni. Jifunze kuweka mguu wote, sio kidole, na kuijaribu hatua kabla hujaipa uzito. Hiyo ndo shule, pumzi inakuja baadaye.

Wiki zinazofuata panda. Mazinde mpaka Irente na mwenyeji wa njia, kama mita 1,000 kwa mkupuo mmoja, na begi lako liwe na lita 5 za maji kwenye chupa, sio mawe wala vitabu, maji, kwasababu nataka mgongo wako ujue maji yanavyocheza ukiyumba. Ukifika juu mwaga nusu ushushe magoti salama. Fanya hivyo kila Jumamosi, na Jumapili utembee tena hata kama miguu inalia, siku ya pili ndo inayomjua mtu. Mara moja kabla hujaondoka fanya siku mbili Magamba, na jiwekee amri kwamba hunywi kijito chochote, hupokei maji ya mtu, unaishi kwa ulichobeba tu. Hapo utajua kama lita 3 zinakutosha au wewe ni wa 4, na ni bora ulijue Magamba.

Vitu vya kubeba hujaniuliza kwa undani ila nitasema vile ambavyo watu wa kwetu tunasahau, buti lenye soli ngumu ulilolivaa mwezi mzima kabla, glovu za kazi zile za mafundi kwa ajili ya mawe, tochi ya kichwani na betri zake, koti la mvua na sweta la sufu, filimbi, ramani ya karatasi na dira hata kama simu ina ramani, na fimbo mbili. Kila mmoja wenu awe na yake, msigawane tochi moja watu watatu.

Ya usalama ni haya. Mwachie mtu pale hotelini karatasi, mnalala wapi siku gani na saa ngapi mtampigia, mkizidisha masaa kadhaa bila simu apige 112. Huko wana kikosi cha uokoaji mlimani kinaitwa HGSS, kipo tangu 1950. Ukikwama bila mtandao piga filimbi mara 6 ndani ya dakika moja, nyamaza dakika moja, rudia. Ukisikia mara 3 umejibiwa, baki hapo hapo. Na jueni mahali pa kutokea kabla hamjaingia, Alan ndo pazuri maana barabara inapita hapo, mkiwa na shaka yoyote usiku wa kwanza, maji, goti, upepo, mnashukia hapo.

Na Oktoba msimu ndo unaisha, vibanda vingine mlinzi anakuwa ameshashuka, kwaiyo siku moja kabla ya kila kulala piga simu ofisi za hifadhi pale Krasno au kibandani kwenyewe. Kiingereza kinaenda ila jifunze hili kwa lugha yao kabisa, "Ima li vode?", maji yapo? Wakikwambia "ima", yapo, nenda. Wakikwambia "nema" usije ukasikia neema yetu hii ukafurahi, kwao nema ni hakuna.